Marejesho ya kodi yangu yako Uingereza, na mume wangu hajui

Dada mshauri, shikamoo.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Ujiji. Mwishoni mwa Novemba 2022 nilikwenda Uingereza kwa viza ya ulezi, nikaanza kazi Desemba kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko kaskazini. Mwanzo nililipwa pauni 1,750 kwa mwezi, na kuanzia Aprili 2024 mshahara ukapanda hadi 1,950. Januari 2024 niliongeza zamu za mwisho wa wiki kupitia wakala wa ajira, kazi ileile ya ulezi, nikawa napata pauni 400 nyingine kwa mwezi. Mama yangu alipopigwa na kiharusi niliona siwezi kubaki. Nilifanya kazi mpaka 30 Septemba 2024, na tarehe 18 Oktoba nikapanda ndege. Kwa sasa sina mpango wa kurudi.

Nauli na gharama za viza alinikopesha dada yangu aliyeko Kasulu, shilingi milioni sita. Nimemrudishia milioni mbili tu. Hanidai kwa ukali, lakini kila nikimpigia simu nasikia sauti ya mtu anayengoja nilitaje hilo.

Mume wangu anafanya biashara ya dagaa mwalo wa Kibirizi. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, akiba yake yote iliishia kwenye chakula na ada za watoto, pamoja na hela niliyokuwa namtumia. Tangu hapo anachowaza ni kuwa na mtumbwi wake wenye injini, asitegemee tena bei za wenye vyombo. Simlaumu.

Sasa kilichonifanya niandike. Mdogo wake mume wangu anaishi Leicester. Mwezi uliopita aliniambia, "Shemu, wewe uliondoka katikati ya mwaka wa kodi, una hela yako pale. Jaza fomu, weka akaunti yangu, ikiingia nakutumia." Nikafurahi. Kisha akaongeza, "Ila kaka lazima ajue, hiyo ni hela ya nyumba." Nikanyamaza, na mpaka leo sijamjibu.

Kuna na dalali, Mtanzania aliyeko hukohuko, aliyenitafuta WhatsApp baada ya kuona nimeuliza kwenye kundi. Anasema atanipatia karibu pauni 2,000, na yeye atachukua asilimia 30 pamoja na VAT juu yake. Anataka picha ya pasipoti, namba yangu ya NI (bima ya taifa ya kule) na paswedi ya akaunti yangu ya mtandaoni ya serikali ya kule. Anadai pia itahitajika barua ya TRA Kigoma kuthibitisha kwamba naishi Tanzania, na kwamba ana mtu wa kuifuatilia kwa shilingi 250,000.

Akaunti yangu ya benki ya kule sijaifunga, ila laini yangu ya Uingereza ilikufa, na aplikesheni ya benki haifunguki kwa sababu inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini hiyo. P45 ya nyumba ya wazee, ile karatasi ya kuacha kazi inayoonyesha malipo na kodi, ninayo kwenye barua pepe. Ya wakala wa ajira sijawahi kuiona. Slipu zote za mshahara zipo kwenye simu. Zile za miezi minne ya mwanzo, Desemba mpaka Machi, zinaonyesha nilikatwa kodi pauni 140 na senti kila mwezi, na zina maandishi 1257L M1 ambayo sikuwahi kuyaelewa. Vyumba nilihama mara mbili.

Naogopa kwamba nikidai wataanza kuchimba zile zamu za mwisho wa wiki, siku nyingine ninyimwe viza. Naogopa zaidi kwamba mume wangu akijua hela ipo, itakuwa injini hata kabla haijafika, na dada yangu ataendelea kungoja. Lakini nikiipitisha kwa siri halafu akaja kujua, sijui nitaweka wapi uso wangu. Nimpe dalali, nimpe shemeji, au niiache ilivyo?

Mama wawili, Ujiji


Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza. Umerudi nyumbani kwa sababu ya mama, ukakuta na deni, na ndoto ya mume iliyokawia, vyote vinangoja mkoba mmoja. Si ajabu umekaa kimya.

Nikiusoma vizuri ujumbe wako, naona unachagua njia ya kudai hela kwa kuangalia nani atajua. Dalali anakuvutia kwa sababu mume hatasikia. Shemeji anakutia wasiwasi kwa sababu mume atasikia. Hiyo ni hoja ya kweli, wala siidharau, lakini imekufanya uache kuangalia mambo mawili ya awali: hela yenyewe ni kiasi gani, na kama kuna njia ya tatu. Tuanze na kiasi, maana umenipa tarakimu za kutosha.

Mwaka wa kodi wa Uingereza huanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili ya mwaka unaofuata. Kila mwaka mkaazi anaruhusiwa kupata pauni 12,570 bila kukatwa kodi ya mapato, na zinazozidi hapo, kwa mishahara ya kiwango chako, hukatwa asilimia 20. Mwajiri anaigawa ile 12,570 kwa miezi 12, yaani kama pauni 1,048 kwa mwezi, akidhani utafanya kazi mwaka mzima. Ukiondoka katikati, miezi iliyobaki ya msamaha huo inakuwa haijatumika. Hapo ndipo marejesho yanapotoka.

Chukua mwaka wako wa mwisho. Kuanzia mshahara wa mwisho wa Aprili 2024 hadi wa Septemba ni miezi sita, 1,950 mara sita, jumla 11,700. Kodi uliyokatwa hapo, kama namba yako ya kodi ilikuwa 1257L ya kawaida, inafika pauni 1,082. Itazame kwenye P45 yako uone kama inalingana. Kwa wakala wa ajira ulipata 2,400, na bila shaka slipu zake zimeandikwa BR. Maana yake msamaha wote ulikwishawekwa kwenye kazi ya kwanza, kwa hiyo huku ulikatwa asilimia 20 kuanzia pauni ya kwanza: 480. Jumla umekatwa kodi 1,562. Ulichopaswa kulipa ni asilimia 20 ya 14,100 ukitoa 12,570, yaani ya 1,530, ambayo ni pauni 306. Tofauti ni 1,256. Hiyo ndiyo yako ya mwaka 2024/25, kama hukupata kipato kingine kule kabla ya 5 Aprili 2025.

Sasa ile "karibu 2,000" ya dalali imetoka wapi? Angalia mstari wa NI kwenye slipu zako. Kwa mshahara wa 1,950, makato ya NI yalikuwa kama pauni 72 kwa mwezi, miezi sita ni 433. Jumlisha na kodi yote 1,562, unapata 1,995. Inaelekea amekusanya kila kilichokatwa, akakutajia kama marejesho. NI hairudishwi kwa sababu tu umeondoka. Inaingia kwenye rekodi ya pensheni ya serikali ya kule, ambayo inahitaji angalau miaka 10 ya michango ili ulipwe chochote, na wewe una karibu miwili. (Kama slipu zako zina mstari wa pensheni ya kazini, hicho ni kitu cha tatu kabisa. Hiyo ni akiba yako kwenye mfuko, haiguswi kabla ya miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 itakuwa 57. Lakini andika jina la mfuko huo mahali salama na uwape anwani yako mpya.)

Jambo ambalo dalali hakulitaja, na ambalo kwangu ndilo zito zaidi katika ujumbe wako wote, ni zile slipu nne za mwanzo. M1 maana yake kila mwezi ulihesabiwa peke yake, bila kuangalia kwamba tangu Aprili mpaka Novemba 2022 hukuwa umepata hata senti Uingereza. Huwatokea sana wageni wanaoanza kazi karatasi zikiwa hazijakamilika. Kwa mwaka wa kodi 2022/23 ulipata 1,750 mara nne, pauni 7,000. Hiyo iko chini kabisa ya 12,570. Kodi uliyopaswa kulipa ni sifuri, na ulikatwa 140.20 mara nne, karibu pauni 561. Inawezekana HMRC, mamlaka ya kodi ya kule, waliliona hilo wenyewe baada ya mwaka kuisha, wakaandika barua inayoitwa P800 na hata hundi, ikaenda kwenye chumba ulichokwishahama. Kama haikuchukuliwa na mtu, bado unaweza kuiulizia. Mwaka wa kati, 2023/24, usiutegemee. Ulifanya kazi miezi yote 12, ukavuka msamaha, na BR ya wakala kwa miezi mitatu ilikata sawasawa.

Kwa hiyo kinachowezekana ni 1,256 na 561, karibu pauni 1,817. Asilimia 30 ya dalali pamoja na VAT ya asilimia 20 juu ya ada hiyo inakuwa asilimia 36. Kwenye 1,817 hiyo ni kama pauni 654. Sisemi mtu akilipwa kwa kazi yake ametenda kosa. Wapo wanaolipa kwa sababu hawana muda wala slipu. Wewe slipu unazo. Na usipompa slipu zile za kwanza, huenda asiudai mwaka huo kabisa.

Ila kuna alama mbili kwa huyu bwana ningependa uzitazame kabla hujamjibu. Paswedi ya akaunti yako hahitaji. Anayewakilisha watu kihalali mbele ya HMRC ana mlango wake mwenyewe, na wewe unamruhusu kwa maandishi. Mwenye paswedi yako anaweza kubadilisha akaunti ya benki na anwani bila wewe kujua, na hilo ndilo linalowaliza wengi. Pili, barua ya TRA haiombwi kwenye fomu hii. Hiyo 250,000 ingekuwa hela ya kwanza kutoka, na hakuna kazi ambayo ingefanya.

Njia ya tatu ni wewe mwenyewe. HMRC hawatozi chochote kudai. Fomu ya mtu anayeondoka inaitwa P85. Unaweza kuijaza mtandaoni ukiingia kwenye akaunti yako ya serikali, au, kama akaunti hiyo nayo imefungwa na laini iliyokufa, unaijaza kwenye kompyuta, unaichapisha steshenari hapo Mwanga, unaisaini kwa mkono na kuituma kwa posta: Pay As You Earn and Self Assessment, HM Revenue and Customs, BX9 1AS, United Kingdom. Ukienda posta omba itumwe kwa rejista, utunze risiti.

Fomu inauliza tarehe uliyoondoka, nchi unayoishi sasa, kama umeacha nyumba kule, kama utapata kipato chochote kutoka Uingereza, na siku unazotarajia kuwa huko miaka inayokuja. Jibu kama mambo yalivyo. Siku zako hazina shida: kuanzia 6 Aprili hadi 18 Oktoba 2024 ni zaidi ya 183, na hiyo peke yake inakufanya mkaazi wa mwaka huo na kukupa msamaha wote. Mwaka wa kwanza ulikuwa na siku chache, lakini kuna kipimo kingine cha kazi ya muda wote inayoendelea mwaka mzima, na hicho unakifikia.

Kwa kuwa P85 inahusu hasa mwaka wa kuondoka, ambatisha barua fupi kuhusu 2022/23. Itaje wazi kwamba unadai kurejeshewa kodi iliyozidi, mwaka gani, kiasi gani na kwa nini (ulianza kazi Desemba, ukapewa 1257L M1, kipato chote 7,000), weka nakala za slipu nne, kisha umalizie kwa kutamka kwamba maelezo ni ya kweli na kamili kadiri ujuavyo, na saini. Bila tamko hilo na saini wanaweza kuirudisha. Muda wa kudai ni miaka minne tangu mwaka wa kodi ulipoisha. Wa 2022/23 unafungwa 5 Aprili 2027. Wa 2024/25 unakwenda hadi 5 Aprili 2029. Unaona mwenyewe ni upi usiolala.

Kinachokwamisha madai kama yako mara nyingi ni kazi ya pili. Wakala wa ajira hakukupa P45, na mawakala wengi humwacha mtu kwenye orodha yao miezi mingi hata kama hafanyi zamu. Kwa HMRC inaonekana bado umeajiriwa, na mtu anayeonekana bado kazini harejeshewi kwa urahisi. Waandikie leo barua pepe, uwaambie tarehe ya zamu yako ya mwisho, na uombe wafunge rekodi yako na kukupa P45. Wakisema walikwishaitoa ikapotea, hawaruhusiwi kutoa ya pili, basi omba barua inayoonyesha jumla ya malipo na kodi tangu 6 Aprili 2024. Kama hawajibu, slipu ya mwisho yenye jumla hizo inasaidia, na kwenye P85 unaeleza kwa nini P45 haipo. Ukituma kwa posta, sehemu ya 2 na ya 3 za P45 ndizo wanazotaka. Ile iliyoandikwa 1A baki nayo.

Na jina. Angalia P45, pasipoti na akaunti ya benki kama majina yamepangwa sawa. Watu wetu wenye majina matatu mara nyingi huandikwa la babu kama ukoo sehemu moja na la baba sehemu nyingine, na malipo yanakwama hapo kwa wiki nyingi.

Sasa hela inaingia wapi? P85 inatoa nafasi ya akaunti ya benki ya Uingereza au hundi. Hundi ya pauni kuifikisha Kigoma na kuigeuza shilingi ni safari ndefu. Benki nyingi hapa hazipendi kuzipokea, na zinazopokea hukata ada na kukungojesha. Ndiyo maana ile akaunti yako ambayo haifunguki ni mali zaidi ya unavyodhani. Ipigie benki kwa namba yao ya wateja walio nje, uwaambie laini imebadilika na sasa unaishi Tanzania. Watakuuliza maswali ya utambulisho, huenda na nakala ya pasipoti. Ipo hatari moja: baadhi ya benki humfungia akaunti mteja aliyehama nchi. Ni afadhali ujue hilo kabla ya kutuma fomu, kwa sababu malipo yakienda kwenye akaunti iliyofungwa yanarudi HMRC na wewe unaanza foleni upya. Kuwaficha kwamba umehama si jibu, maana wakigundua wataifunga hela ikiwa ndani, na utapata kazi kubwa zaidi kuitoa.

Benki ikikubali, hela inaingia kwa jina lako, unaihamisha mwenyewe, na swali la dalali au shemeji linakuwa halikulazimishi tena. Ikikataa, shemeji anarudi mezani. Kumteua mtu kupokea kwa niaba yako ni jambo la halali na fomu ina sehemu yake. Lakini uelewe uzito wake: HMRC wakishamlipa uliyemteua, kwao deni limekwisha. Akichelewa, akikopa kidogo kwanza, au benki yake ikizuia, hakuna wa kumlalamikia zaidi yake. Nadhani hilo silo linalokuogopesha kwa shemeji, maana amekwambia wazi msimamo wake. Mtu anayesema mapema "kaka lazima ajue" amekupa nafasi ya kukataa. Wengine hungoja hela iingie ndipo waseme.

Kwa zile zamu, sikia. Viza yako iliruhusu hadi saa 20 za ziada kwa wiki, nje ya zamu za mwajiri wako, kwa kazi ya aina ileile. Ukilipwa kima cha chini cha kuanzia Aprili 2024, pauni 11.44 kwa saa, 400 ni kama saa 35 kwa mwezi, takriban nane kwa wiki. Na wakala aliripoti kila malipo kwa HMRC siku aliyokulipa. Taarifa hizo zipo tayari, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule inaweza kuziona hata usipodai chochote. Kudai hakufichui kitu kipya. Ingekuwa tofauti kama kulikuwa na kazi za mkononi zisizoandikwa popote, au zamu zilizovuka saa hizo. Kama zipo, na hukuzitaja kwangu, ongea kwanza na mshauri wa uhamiaji kabla ya kusaini fomu yoyote, maana utakuwa unathibitisha kwa saini yako kwamba umesema yote.

Nimeacha mume mwisho kwa makusudi, kwa sababu nadhani tarakimu zinabadilisha mazungumzo yenyewe.

Umechukulia kwamba akijua hela ipo, itakuwa injini. Inawezekana kabisa, wewe ndiye unayemjua. Lakini nakuuliza: deni la dada analijua kwa kiasi gani? Anajua ni milioni sita, na kwamba nne bado? Au anajua tu kwamba "dada alisaidia"? Katika nyumba nyingi fedha ya safari ya kwanza huwa imefichwa nusu, na anayeonekana kukimbilia injini anakimbilia kitu pekee alichoonyeshwa. Kama analijua deni lote na bado analiweka nyuma, hilo ni jambo jingine, na unayo haki ya kuwa na wasiwasi.

Unaweza kukaa kimya mpaka hela ifike, ulipe dada, kisha useme. Faida yake ni kwamba deni litakuwa limepungua bila ubishi. Hatari yake unaijua, maana mwenye habari tayari ni ndugu yake wa damu, na siri yenye mlango Leicester haiko mikononi mwako peke yako. Unaweza pia kumwambia sasa kwamba umeanza kufuatilia, bila kutaja kiasi mpaka HMRC wathibitishe. Hapo hujadanganya, ila maswali yatakuja kila wiki, na hela hii inaweza kuchukua miezi. Au ukae naye na karatasi yenye mistari yote: inayoweza kurudi, deni la Kasulu, bei ya injini, na mapengo. Huenda mkaona haitoshi kumaliza hata kimoja. Hilo litauma, lakini litauma mkiwa wawili. Wapo wanawake wanaojua kwamba mazungumzo ya namna hiyo kwao huishia kwa kelele au zaidi ya kelele. Kama nyumba yako iko hivyo, usianze na karatasi. Anza na mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Ukiamua kuongea, chagua siku. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawavuliwi sana na Kibirizi panatulia, kwa hiyo anakuwa nyumbani na hana haraka ya kuwahi mzigo alfajiri. Kuna kitu kimoja ningekutia moyo ukitengeneze kabla ya siku hiyo, hata kama hutakionyesha: andika ukurasa mmoja wa hesabu hizi kwa tarakimu za slipu zako halisi, maana mimi nimetumia ulizonitajia. Na dada wa Kasulu hahitaji kungoja hela ndipo apigiwe. Unaweza kumwambia kwamba hujasahau milioni nne zake na unafuatilia jambo fulani. Sauti ile unayoisikia kwenye simu huenda inangoja maneno hayo kabla ya fedha.

HMRC wakikujibu watakutumia hesabu yao. Kwenye fomu weka S.L.P. ya mtu unayemwamini kama huna yako, pamoja na namba ya simu inayoanza na +255, ili barua isikwame. Linganisha mistari miwili: jumla ya malipo ya 2024/25 iwe karibu 14,100 pamoja na ya wakala, na ya 2022/23 iwe 7,000. Ukiona mmoja haupo au tarakimu ziko mbali, niandikie tena na unitajie walichoandika, tuipitie pamoja.